Kilicho Chini ya Tangi la Samaki

Tangi la samaki wa baharini lina sehemu mbili. Ya juu ni ya kioo, na ndiyo inayotazamwa: samaki, mawe, mchanga na taa. Ya chini ni kabati linaloibeba, na ndani ya kabati hilo mna tangi la pili, pampu, kichujio cha povu, hita au kipoza maji, na nyaya za umeme. Maji hushuka kutoka juu yakiwa yamechafuka, husafishwa gizani, kisha husukumwa kurudi juu. Leo mpangilio huu huchukuliwa kuwa wa kawaida, lakini majumbani ni wa juzi tu. Kwa zaidi ya miaka 100 meza ya tangi ilikuwa miguu minne na fremu, na waliotaka kuweka mitambo chini yake walilazimika kuikata, kuiunga upya na kuitia nguvu mahali ambapo mwanzoni hapakuhitaji nguvu.

Wadi ya Matsangoni, katika Kaunti ya Kilifi, imekaa kati ya msitu wa Arabuko-Sokoke na Bahari Hindi, kando ya barabara kuu ya kwenda Malindi. Upande wake wa baharini uko Uyombo, na hapo jirani hori ya Mida huingia bara na kutawanyika katikati ya mikoko. Historia ya meza ya samaki inaonekana vizuri zaidi kutoka mahali kama hapa kuliko kutoka katika duka la matangi, kwa sababu mbili. Samaki wa miamba ya pwani ya Kenya ni miongoni mwa waliojaza matangi ya Ulaya na Marekani tangu enzi ya ndege za jeti. Tena, kazi zote zinazofanywa na mitambo iliyofichwa kabatini hufanyika Mida bila pampu wala umeme, na karibu kila kifaa kilichobuniwa kukaa chini ya tangi kilikuwa jaribio la kuiga sehemu fulani ya hori ya namna hiyo.

Kufuga samaki ndani ya nyumba hakukuletwa pwani na wageni. Katika nyumba za mawe za Lamu, maji ya kuogea yalihifadhiwa katika birika lililojengwa kwa mawe ya matumbawe na kupigwa chokaa, na humo waliwekwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Waashi waliliona tatizo linalomkabili kila mfugaji wa samaki: maji yanayoonekana hayatoshi kuwa ndiyo maji yote. Birika huchotwa likapungua, na siku ya kuoshwa hukaushwa kabisa. Kwa hiyo sakafuni mwake walipachika bakuli la kauri, mdomo ukiwa sawa na sakafu. Maji yalipoisha juu, bakuli lilibaki limejaa, na samaki walijikusanya humo mpaka birika lijazwe tena. Hicho ni kifaa kilichowekwa chini kwa ajili ya uhai wa samaki, na kinastahili kutajwa mwanzoni mwa historia hii kabla ya mji wowote wa Ulaya.

Ujenzi wa aina hiyo haukuwa wa Lamu peke yake. Gede, kaskazini ya Matsangoni, msikiti mkuu una kisima, mfereji na birika la kutawadhia. Mji huo ulihamwa katika karne ya 17, na James Kirkman alianza kuuchimbua mwaka 1948. Mnarani, juu ya hori ya Kilifi, kuna kisima kirefu kilichochimbwa katika mwamba karibu na msikiti. Watu wa pwani hii walizoea kufikiria maji kama kitu chenye njia: yanatoka wapi, yanapita wapi, yanasalia wapi yakipungua.

Ulaya ilifika kwenye wazo hilo kwa njia ndefu zaidi. Jeanne Villepreux-Power, Mfaransa aliyeishi Messina katika kisiwa cha Sicily, alitengeneza masanduku ya kioo mwaka 1832 ili kuchunguza pweza wa aina ya argonauta akiwa hai. Mwaka 1850 mkemia Robert Warington wa London alieleza jinsi samaki, mimea na konokono wanavyoweza kukaa pamoja katika chombo kimoja bila kubadilishiwa maji. Bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki mwaka 1853, na mwaka uliofuata Philip Henry Gosse akatoa kitabu kilichowafanya maelfu ya watu watamani bahari sebuleni. Wengi wao waliambulia maji yanayonuka. Tangi la maji baridi lenye mimea liliweza kujisafisha kwa kiasi, lakini viumbe wa baharini walikufa haraka. Hapakuwa na mtu aliyejua vizuri kwamba uchafu wa samaki hugeuka amonia, na kwamba amonia ni sumu hata ikiwa kidogo sana.

Aliyepiga hatua kubwa alikuwa William Alford Lloyd. Alijenga matangi ya maonyesho Hamburg mwaka 1864, kisha yale ya Crystal Palace, kusini ya London, yaliyofunguliwa mwaka 1871. Chini ya sakafu ya jengo hilo aliweka hodhi kubwa la giza lenye maji mengi kupita kiasi kilichokuwa katika matangi yote ya juu. Pampu za mvuke zilisukuma maji juu, yakapita katika matangi yakichukua hewa, yakarudi chini kupumzika. Tangi moja likichafuka, uchafu wake ulimezwa na wingi wa maji ya hodhini. Lloyd aliufikisha mfumo huo Naples, katika kituo cha utafiti cha Anton Dohrn, ambacho matangi yake yalifunguliwa mwaka 1874. Kila tangi la kisasa lenye mwenzake chini linafuata mpango wa Lloyd, tofauti ikiwa ukubwa tu. Inashangaza kwamba ilichukua zaidi ya karne moja kwa mpango huo kuingia ndani ya meza ya nyumbani.

Wakati huo meza ilibaki wazi. Matangi ya mwanzo yalikuwa ya fremu ya chuma, kioo kikishikiliwa kwa lami au mastiki, na kitako mara nyingi kilikuwa bamba la jiwe. Kitako hicho cha jiwe kilikuwa na sababu: samaki wa nchi za joto walipoanza kufika Ulaya, maji yao yalipashwa kwa moto wa gesi au mafuta uliowekwa chini ya tangi. Kifaa cha kwanza kukaa chini ya meza ya nyumbani kilikuwa basi taa ya moto, na meza ililazimika kuwa ya chuma chenye matundu ili isiungue. Hita za umeme zilipoenea katika karne ya 20, moto uliondolewa na nafasi ya chini ikabaki tupu. Walioijaza waliijaza vitabu, makopo ya chakula na miguu ya watu waliokaa.

Biashara ya samaki wa mapambo kutoka Kenya ilizaliwa katika kipindi hicho cha meza tupu. Vitu viwili viliiwezesha. Cha kwanza ni mfuko wa plastiki: samaki huwekwa katika maji kidogo, nafasi iliyobaki hujazwa oksijeni, mfuko ukafungwa na kupangwa katika sanduku lisilopitisha joto. Cha pili ni ndege iendayo kasi. Uwanja wa Embakasi, Nairobi, ulifunguliwa mwaka 1958. Samaki aliyetolewa mwambani pwani ya Kenya aliweza kuwa Ulaya kabla hewa ya mfuko haijaisha. Wavuvi wa kazi hii hupiga mbizi na nyavu ndogo za mkono na za kuzuia, wakimfukuza samaki mmoja mmoja. Ni uvuvi wa macho na pumzi, tofauti kabisa na malema au uzio, kwa kuwa samaki aliyekwaruzwa hana thamani. Kangaja wa buluu mwenye pezi la manjano, vitatange, samaki wa maua bahari na yule mdogo anayesafisha wenzake ndio waliotafutwa sana.

Sehemu ya kazi isiyoonekana ilikuwa kuwaweka hai kati ya bahari na uwanja wa ndege. Samaki hawalishwi kwa siku moja au mbili kabla ya safari ili wasichafue mfuko. Katika maghala ya wasafirishaji wa biashara hii duniani kote, matangi hupangwa kwa ghorofa juu ya rafu, na maji ya safu nzima huteremka hadi hodhi moja la chini lenye vichujio na pampu. Kwa hiyo watu wa biashara walikuwa na tangi la chini muda mrefu kabla ya wateja wao. Mteja alimpokea samaki aliyetoka katika maji yanayozunguka na kumtia katika maji yaliyosimama, akashangaa kwa nini amekufa ndani ya wiki.

Mabadiliko yalikuja kwa vipande. Katika miaka ya 1960 gundi ya silikoni ilifanya iwezekane kuunganisha vioo bila fremu ya chuma, na kutu, adui wa maji ya chumvi, ikaondoka kwenye tangi lenyewe. Huko Ujerumani, Erwin Sander alikuza kichujio cha povu: bomba la wima ambamo mapovu madogo sana hupanda kupitia maji, yakibeba mafuta na protini hadi kikombe cha juu, jinsi povu la ufukweni linavyokusanya takataka siku ya kusi kali. Lee Chin Eng wa Jakarta alionyesha mwaka 1961 kwamba mawe yaliyotoka mwambani yakiwa na viumbe wake yanaweza kuyaweka maji safi. Kisha, mwaka 1986, Mholanzi George Smit aliandika katika jarida moja la Marekani mfululizo wa makala kuhusu matangi madogo ya matumbawe yaliyosafishwa na kichujio kilichokaa kabatini: maji yalimwagika kutoka ukingo wa tangi, yakachuruzika juu ya vipande vya plastiki vilivyoota bakteria, yakadondokea hodhini. Wasomaji waliona matumbawe hai ndani ya nyumba, na wakataka yao. Wengi wao tayari walikuwa na meza. Hapo ndipo misumeno ilipotoka.

Meza ya zamani ilijengwa kwa kazi moja, kubeba. Tangi la urefu wa sentimita 120, upana 50 na kimo 50 huchukua lita 300. Maji ya bahari yana uzito wa zaidi kidogo ya kilo moja kwa lita, hivyo maji peke yake ni kilo 308 hivi. Kioo cha milimita 10 huongeza kilo 55 hadi 60, na mawe na mchanga huja juu ya hapo. Hizo ni kilo 400 zinazokaa usiku na mchana kwa miaka. Seremala alizipokea kwa njia ya kawaida: miimo minne pembeni, mmoja au miwili katikati, rafu ya chini, na mbao za mshazari au ubao mzima nyuma. Kila kimojawapo kati ya hivyo humzuia anayetaka kuingiza tangi la pili.

Mwimo wa katikati ndio unaokatwa kwanza, na ndio wenye hatari kubwa zaidi. Boriti inayobeba uzito uliosambaa, ikiongezewa nafasi kati ya nguzo mara mbili, haipindi mara mbili. Hupinda mara 16. Meza tupu haionyeshi dalili yoyote, na hata tangi likijazwa huenda mpindo usionekane kwa macho. Kioo hakivumilii mpindo. Kitako hupata mkazo mahali pamoja, silikoni ya pembeni huvutwa, na siku moja tangi hupasuka au huanza kuvuja bila kuguswa. Dawa yake imo katika maarifa ambayo kila mwezekaji wa paa anayo: boriti hulazwa kwa ubavu mwembamba, si kwa upana. Ikiongezwa upana mara mbili ugumu wake huongezeka mara 2; ikiongezwa kimo mara mbili, huongezeka mara 8. Anayeondoa mwimo wa katikati hupachika kwanza kizingiti kirefu cha kimo, mbele na nyuma, na kizingiti hicho hukaa juu ya vichwa vya miimo ya pembeni ili uzito ushuke kupitia mbao hadi sakafuni. Kikining'inizwa ubavuni kwa skrubu, kilo zote 400 huwa juu ya vyuma vyembamba kama kijiti.

Ubao wa nyuma ni jambo la pili. Unaonekana kama pambo, na mabomba yanahitaji kupita hapo, kwa hiyo wengi huung'oa. Lakini ndio unaozuia meza isiyumbe kwenda kando. Fremu ya miguu minne bila ubao huo inaweza kubeba tani ikisimama wima kabisa na bado ikalala kama kitabu mtu akiiegemea. Mafundi makini huuacha na kutoboa matundu ya duara tu, au huukata katikati na kubakiza mapana ya kutosha kwenye pembe. Tundu la duara halianzishi ufa kirahisi kama pembe kali ya mraba.

Kisha kuna vipimo vya vitu vyenyewe. Kichujio cha povu kina kimo, na kikombe chake hung'olewa kwa kuinuliwa, kwa hiyo juu yake pawe na nafasi ya mkono. Tangi la chini liweze kutoka kwa mlango wa mbele au wa ubavuni. Watu wengi waliliweka kwanza, wakapandisha tangi kubwa juu yake, na baadaye wakagundua kwamba haliwezi kutolewa bila kubomoa kila kitu. Baadhi waliongeza kimo cha meza kwa kuunga miguu, kazi inayopandisha uzito wote juu na kudai msingi mpana zaidi. Zaidi ya hayo kuna hesabu ya umeme kukatika. Pampu ikisimama, maji ya juu huendelea kushuka mpaka yafike usawa wa ukingo. Katika tangi lililotajwa, kila sentimita 2 za maji ni lita 12. Tangi la chini lisipokuwa na nafasi tupu ya kuzipokea, lita hizo huishia sakafuni. Nchini Kenya hesabu hii si ya nadharia: Agosti 2023 umeme ulikatika karibu nchi nzima kwa saa nyingi.

Chumvi humalizia kazi. Inapanda ukutani mwa kabati kama ukungu mweupe, inaingia katika kila kiungo, inakula misumari. Ubao wa unga wa mbao, ambao ndio maduka mengi huuza ukiwa umefunikwa kwa karatasi laini, hufura ukilowa mara moja na haurudi. Plaiwudi hustahimili zaidi ikiwa kingo zake zilizokatwa zimezibwa kwa rangi au vanishi. Skrubu ziwe za shaba nyeupe au chuma kisichoshika kutu. Soketi hukaa juu ya usawa wa maji, na kila waya huachiwa tumbo chini ya soketi ili tone linaloteremka lidondoke kabla ya kuufikia umeme. Kabati lililofungwa kila upande hupika hewa yake. Pampu hutoa joto, maji huvukiza, mbao hujaa unyevu. Matundu ya hewa nyuma na juu huokoa meza na samaki pamoja.

Pwani ya Kilifi ina mbao za historia yake yenyewe. Mbambakofi, mti wa msitu wa Arabuko-Sokoke, ulipendwa kwa milango na majahazi kwa sababu haubabaishwi na maji. Msitu huo ulitangazwa kuwa wa serikali mwaka 1932 na kuwa hifadhi ya misitu mwaka 1943, na mbao zake kubwa si za kuchukuliwa tena. Boriti za mikoko zilizojenga nyumba za pwani na za Ghuba ya Uajemi kwa karne nyingi zilipigwa marufuku kusafirishwa nje mwaka 1982. Mwaka 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, na zuio hilo likadumu hadi 2023. Mvinje hupandwa sana mashambani ukauzwa kama nguzo. Ni mgumu, lakini hupinda na kupasuka ukikauka, na haufai kizingiti cha tangi isipokuwa umechaguliwa na kukaushwa kwa subira. Seremala wa karakana za kando ya barabara ya Malindi, aliyezoea fremu za milango ya mbao nzito, tayari ana mikono ya kazi hii. Kizingiti cha mlango na kizingiti cha tangi hufuata kanuni moja.

Nusu ya pili ya historia hii ni ya kile kinachowekwa ndani ya nafasi iliyopatikana, na hapo hori ya Mida inaeleza mengi kuliko mchoro wowote. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Wakati wa bamvua hufika mbali ndani ya mikoko. Wakati wa maji mafu husogea kidogo tu. Yakienda polepole, udongo na takataka hutua. Katika matope, chini ya ngozi nyembamba ya juu, hakuna oksijeni, na humo huishi bakteria wanaogeuza nitrati kuwa gesi ya nitrojeni inayorudi hewani. Mikoko, mikandaa, michu, miia na mililana hufyonza virutubisho. Kaa huvuta majani mashimoni, na nyasi za bahari hulisha na kuficha watoto wa samaki ambao wakikua huenda mwambani. Mwamba wa mbele una maji meupe kwa sababu nyuma yake kuna mahali pa kazi chafu.

Watafiti walioangalia bahari kwa jicho hilo ndio waliobadilisha tena yaliyomo kabatini. Walter Adey, wa taasisi ya Smithsonian huko Marekani, aliyachuja maji kwa mwani uliooteshwa juu ya wavu chini ya taa. Jean Jaubert, aliyefanya kazi Nice na Monaco, aliweka tabaka nene la mchanga juu ya nafasi tupu ya maji, ili bakteria wa mahali pasipo oksijeni wapate makao. Kutoka kwao ulitokea mtindo wa kutenga chumba kimoja cha tangi la chini kiwe na mwani, matope na wadudu wadogo, kikimulikwa usiku wakati taa za juu zimezimwa. Wafugaji wengine walipanda humo miche ya mikoko. Kifaa hicho kinahitaji eneo na mwanga, si kimo, na kwa sababu hiyo meza iliyopanuliwa kwa ajili ya kichujio cha povu ilifunguliwa tena, safari hii kwa mapana.

Wazo la kusafisha maji kwa viumbe halikukosa watu wake Kenya. Huko Bamburi, katika machimbo ya mawe ya saruji ambayo Rene Haller alianza kuyapandia miti mwaka 1971, maji ya matangi ya perege yalielekezwa katika mabwawa yenye mimea. Ndani ya Mida kwenyewe, vikundi vya wanajamii hunenepesha kaa koko katika vizimba vinavyokaa katikati ya mikoko. Vizimba hivyo havina pampu. Maji kujaa na kupwa ndiyo pampu, na matope ndiyo kichujio.

Kadiri tangi lilivyoboreka, mwamba uliolilisha ulianza kulindwa. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilianzishwa mwaka 1968, za kwanza za aina yake Kenya, na humo hakuna kinachochukuliwa. Hori ya Mida imo katika eneo la akiba la Watamu, ambamo uvuvi wa jadi huruhusiwa. Matumbawe magumu yaliingizwa katika mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na farasi wa bahari wakafuata mwaka 2004. Kusini ya mji wa Kilifi, wavuvi na wazee wa Kuruwitu waliunda chama chao mwaka 2003 na baadaye wakalifunga eneo la hekta 30 hivi, wakitaja uvuvi uliopita kiasi na uchukuaji holela wa samaki na matumbawe ya matangi miongoni mwa yaliyouharibu mwamba wao. Mwaka 2007 kanuni za serikali zikavipa vikundi vya usimamizi wa fuo nguvu ya kisheria. Meza bora nayo ina nafasi yake katika ulinzi huo, ingawa haitajwi: samaki anayeishi miaka 10 kwa mfugaji mmoja anachukuliwa mwambani mara moja, na anayekufa kila mwezi anachukuliwa tena na tena. Samaki wengi wa maua bahari wanaouzwa leo huzaliwa katika matangi, jambo lisilowezekana bila maji thabiti.

Kifaa cha mwisho kupata nafasi kabatini ni kipoza maji. Matumbawe hufukuza mwani unaoyalisha joto likizidi kwa nyuzi chache kwa muda mrefu, yakawa meupe na mengi yakafa. Mwaka 1998 joto la El Niño liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya Malindi na Watamu, na mawimbi mengine ya joto yalirudi mwaka 2010 na 2016. Katika tangi, kipimajoto huwasha mtambo na maji hupoa; kipoza maji chenyewe hutoa joto jingi, kwa hiyo mara nyingi hutolewa nje ya kabati au hukatiwa dirisha lake. Baharini hakuna mtambo wa namna hiyo. Wakazi wa Uyombo waliandamana Mei 2024 kupinga mpango wa kujenga kinu cha nyuklia katika ardhi yao, na miongoni mwa hofu zilizotolewa ni hatima ya bahari na hori karibu na mtambo unaotumia maji mengi ya kupoza.

Meza zinazojengwa sasa hazisubiri kukatwa. Fremu huwa ya chuma kilichopakwa rangi ya unga au ya mihimili ya alumini, bila mwimo wa katikati, vizingiti vikiwa vimehesabiwa tangu mwanzo, na upande mmoja hutengwa kuwa chumba kikavu cha nyaya na betri ya kuendesha pampu ndogo umeme ukipotea. Pampu za mkondo mnyoofu zimekuwa ndogo na baridi zaidi, na vichujio vya povu vimepungua kimo. Meza za mbao bado hukatwa na kuungwa kila tangi la zamani linaponunuliwa na mtu anayetaka kulifanya la baharini, na kizingiti bado hulazwa kwa ubavu wake mwembamba.